Kutafuta Radhi Hadi Rusumo

Mama alipopata nafasi ya kwenda kuhiji, hakuanza kwa kununua begi wala viatu. Alianza kuzunguka mtaa akiomba radhi. Shehe aliyekuwa akiwafundisha mahujaji wetu wa Gisenyi, hapa Rwanda, aliwaambia kwamba yaliyo kati yako na Mungu utayamaliza na Mungu, lakini ya binadamu mwenzio hayaondoki mpaka umwendee mwenyewe, umtazame usoni, useme. Mama alilichukua neno hilo kama anavyochukua kila kitu, kwa uzito wote.

Kwa hiyo nikitoka kazini nilimkuta ameshavaa baibui, ananisubiri nimsindikize. Alimwendea jirani waliyegombana naye kwa sababu ya maji ya mvua yaliyoshuka kutoka bati letu na kuingia jikoni kwake. Alimwendea fundi cherehani ambaye aliwahi kumdharaulia kazi mbele ya wateja wake. Alivuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo, kwa mwanamke ambaye waliuza naye vitenge kwa miaka mingi, akataka kupiga magoti mbele ya meza yake sokoni. Yule mwanamke ni Mkristo na hakuzielewa vizuri habari hizi za radhi. Alimwinua huku machozi yakimtoka, akamwuliza, "Mama, we unakufa? Wamekuambia unakufa?"

Wengine walicheka. Wengine walikuwa wamelisahau kosa lenyewe, ikabidi mama awakumbushe kwanza ndipo awaombe msamaha, na mmoja baada ya kukumbushwa alikasirika upya. Tulirudi kwake mara ya pili.

Ijumaa moja tulipomaliza kula, mama alikusanya sahani, akaziweka chini tena.

"Imebaki mutu moja," alisema.

"Nani?"

"We unamujua."

Nilimjua. Nyumbani kwetu mtu huyo hakuwa na jina. Tulipolazimika kumtaja tulisema "yule wa Rusumo", na tulisema kwa sauti ya chini.

Baba yangu aliuza vipuri vya malori. Mzigo wake ulitoka Dar es Salaam na kuingia nchini kupitia mpaka wa Rusumo, upande wa pili kabisa wa Rwanda, na mara zote alikwenda kuupokea mwenyewe. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi na mchele mzuri na hadithi za madereva. Hatukuuliza kitu. Ilikuwa kazi yake, nasi tulikula kutokana na kazi hiyo. Siku alipofariki, miaka mingi iliyopita, ndipo tulipojua kilichokuwa kikimchelewesha.

Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kuvishwa sanda, tunasubiri ndugu wa Goma wavuke, mwanamke mmoja alipofika mlangoni na mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule. Dereva mmoja ndiye aliyempigia simu asubuhi, naye akamtoa mtoto darasani, wakapanda basi la kwanza walilolipata. Alisema yeye ni mke wa marehemu kwa ndoa ya msikitini, na huyu ni mtoto wa marehemu. Hakupiga kelele. Aliomba waingie wamwone, basi.

Mama alikuwa chumbani, amezungukwa na wanawake, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Mjomba aliingia akainama, akamnong'oneza. Mkono wa mama uliniponyoka. Alisema maneno machache, na kila aliyekuwa chumbani aliyasikia: "Musimuingize. Hata mutoto, musimuingize."

Wakakaa nje juu ya mawe meusi ya volkano, yale ambayo kila nyumba ya kwetu imejengewa ukuta. Mvua ilinyesha. Nilichungulia dirishani nikawaona, yule mwanamke amemfunika mtoto kwa kanga yake. Jeneza lilipotoka, wanaume wakilipokezana mabegani kwa haraka kama ilivyo desturi, mtoto yule alisimama akalifuata hatua chache, mama yake akamrudisha. Kisha wakaondoka kuelekea stendi. Hakuna aliyewapa hata maji ya kunywa.

Huyo ndiye mtu aliyebaki.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, karibu na mpaka mkubwa. Malori yanayovuka kwenda Goma, mimi ndiye ninayeandaa hati zake. Neno Rusumo naliandika karibu kila siku, kwa sababu huko ndiko mengi yanakoingilia, lakini sikuwahi kufika. Gari langu dogo lilikuwa halijapita Musanze. Nilimwambia mama tutakwenda wote wawili, nitaendesha mwenyewe, na njiani tutapumzika Kigali kwa sababu ya sukari yake. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya kazini.

Patron wetu, mwenye ofisi, ni mzee wa Kikatoliki, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Niliingia kwake asubuhi kabla malori hayajajaa.

"Congé mwezi huu?" alisema. "Madame, unaona vile kazi iko mingi."

"Mama anaondoka mwezi ujao, patron. Lazima nimpeleke Rusumo kwanza."

"Rusumo kuna nini?"

Nilikusudia kusema sentensi moja, nikajikuta nasimulia yote, mpaka mawe na mvua. Alivua miwani akaishika mkononi. Nilipomaliza akasema, bila kunitazama, "Mi iko na kaka yangu Kibuye. Hatusemezani." Akavaa miwani yake. "Bon. Chukua wiki yako."

Kumpata mwanamke wa Rusumo hakukuwa na shida. Madereva wanaopita ofisini kwetu wanamjua kila mpishi wa barabara nzima. Nilipomwuliza mmoja wao habari za mwanamke aliyelelewa Tanzania, aliyewahi kuolewa na muuza vipuri wa Gisenyi, hakunifikisha hata mwisho wa swali. "Yule mama wa wali? Iko palepale, nyuma ya parking ya malori. Sisi wote tunakula kwake." Akanipa namba yake ya simu. Mama alinikataza kupiga.

"Ukimupigia atasema tusikuye," alisema. "Akisema tusikuye, mi nitafanya nini? Bora anifukuze nikiwa mbele yake."

Tuliondoka Jumatatu baada ya sala ya alfajiri. Mama alikaa mbele, begi lake magotini, ingawa kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Ndani ya begi kulikuwa na dawa zake, msala, na kitenge kizuri kuliko vyote alivyobaki navyo tangu aache biashara. Kwenye soko la Mahoko watu walikuwa wameshaanza kupakia viazi. Tulipopandisha mlima wa Kanzenze ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, nikawasha taa na kwenda polepole nyuma ya lori la bia. Mama alikuwa akivuta tasbihi. Sikujua kama anamwomba Mungu tufike au tusifike.

Baada ya Musanze barabara huanza kujipinda, mlima baada ya mlima, na mama akaanza kutapika. Nilisimamisha gari mara kadhaa. Alikuwa akishuka, anashika mlango, anatapika kwa adabu kama mtu asiyetaka kusumbua, anasukutua, anarudi kukaa. Nyirangarama, kituo cha wasafiri, tulikunywa chai na kupumzika. Mabasi yaliingia na kutoka, watu wakinunua mahindi ya kuchoma na vijiti vya nyama. Mama aliwatazama kwa muda mrefu.

"Njia hii yote alikuwa anaipita," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba tangu tuondoke. "Mi nyumbani nilikuwa namufikiria amechoka, ameshika usukani, iko na njaa. Nilimuonea huruma. Sikumufikiriaka hata siku moja kwamba labda anafurahi."

Nilimwongezea chai.

Kigali tulilala kwa binamu yangu. Alipouliza tunaenda wapi, mama alimwambia tunaenda kuona nchi, mtu hawezi kwenda kuona Makka wakati hajaiona nchi yake mwenyewe. Binamu alifurahi sana, akatufungia mikate na mayai ya kuchemsha.

Siku ya pili barabara ilinyooka. Tulipita Rwamagana, tukafika Kayonza, tukakata kulia kuelekea Kibungo, na milima ikawa inapungua na anga inaongezeka. Sisi ni watu wa ziwa na baridi. Mama alifungua kioo, akafunga, akafungua tena. Joto lilikuwa jingine, harufu ya udongo ilikuwa nyingine. Migomba ilisimama pande zote mpaka macho yanachoka. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wakivushwa barabara, nasi tukasubiri.

"Ni inchi hii hii?" mama aliuliza.

"Ni hii hii."

"Yewe," alisema kwa mshangao, na hakufunga tena kioo mpaka Kirehe.

Malori yalizidi kuongezeka, mengine nikiyatambua kwa rangi na maandishi yake, kwani yalishapita ofisini kwangu. Barabara ikashuka, tukauona mto chini, maji ya rangi ya kahawa ya maziwa, daraja, na ng'ambo yake Tanzania. Nilisimamisha gari pembeni, mama ajitengeneze. Alifunga upya mtandio wake. Kisha akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Turudi," alisema.

"Mama."

"Turudi, mutoto wangu. Nimeona ni wapi. Inatosha. Mungu ameona nimefika."

Nilizima gari. Nilikuwa nimechoka, na mgongo ulikuwa unaniuma. "Mama, mi nimeomba congé kwa patron kwa ajili ya jambo hili. Siwezi kurudi kumwambia tuliangalia mto."

Alicheka, kicheko kidogo kilichokauka. Akafungua mlango akashuka.

Mgahawa ulikuwa wa mabati, mabenchi marefu, masufuria makubwa juu ya majiko ya mkaa. Mwanamke aliyekuwa akipakua wali alikuwa mnene kidogo, amefunga kanga kiunoni juu ya gauni, uso wake wa pole. Yeye na mama hawakuwahi kuonana, hata siku ile, kwa sababu mama hakutoka chumbani. Lakini aliponitazama mimi, mwiko ulisimama hewani. Watu husema nimechukua uso wa baba mzima mzima.

Aliuweka mwiko chini, akajifuta mikono.

"Karibuni," alisema. "Mmetoka mbali. Kaeni."

"Mi sikukuya kula," mama alisema, amesimama.

"Najua. Lakini kula kwanza, dada. Umetoka Gisenyi, usiniambie hujasikia njaa."

Tukala wali na maharage na samaki wa kukaanga, katikati ya madereva. Mama alikula kila kitu kilichowekwa mbele yake. Kisha yule mwanamke akamwachia mtu mwingine masufuria, akatuongoza nyuma, kwenye uwanja mdogo uliofagiliwa, wenye viti vya plastiki na kamba ya nguo.

Mama alitaka kupiga magoti. Mwenyeji akamshika kiwiko.

"Usifanye hivyo. Kaa. Sema ukiwa umekaa."

Mama akakaa.

"Mi naenda kuhiji. Siku ya kilio ulikuya kwangu na mutoto, na mi nilisema wakufungie mulango. Ulikuwa bibi yake wa ndoa vile mi nilikuwa bibi yake. Nilijua ni vibaya, na nilifanya. Nimekuya kukuomba radhi."

Lori lilipiga honi barabarani. Yule mwanamke alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

"Kwa upande wangu nilishakusamehe," alisema. "Sikusemi vibaya, wala sijawahi kukuombea mabaya. Mimi nilikuwa mtu mzima. Nilijua nimeolewa na mume wa mtu, na nilijua ipo siku nitasimama mbele ya mlango wako. Ningekuwa wewe, sijui, huenda ningefanya zaidi ya hapo." Alimtazama mama. "Lakini mtoto hakujua kitu. Yeye alikuwa na baba mmoja tu, na alikuja kumwona. La mtoto siwezi kukusamehe, dada. Si langu."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Iko wapi?"

"Anafundisha shule ya msingi Nyakarambi. Jioni atakuja."

Tukasubiri. Mama hawezi kukaa mikono mitupu. Mchana ulipoanza kupoa aliomba ungo, akaanza kuchambua mchele. Mwenyeji alileta ndizi na kisu, akakaa karibu yake, akamenya. Mimi nilijifanya nasoma simu. Kisha mama, macho yakiwa kwenye mchele, akauliza, "Hapa alikuwa anakula kitunguu?"

"Alikuwa hakigusi kabisa. Alisema kinamchoma tumbo."

"Kwangu alikula kibichi. Alisema ni dawa."

Wakatazamana. Hawakucheka, lakini kitu fulani kililegea kwenye mabega yao.

Mdogo wangu alifika jua likiwa linaelekea magharibi. Alikuwa mrefu, amebeba madaftari ya wanafunzi kifuani, na chaki ya ubao ilikuwa kwenye mkono wa shati lake. Alitembea kama baba, bega moja likitangulia. Mama yake alimwendea, akamwambia sisi ni nani. Alikuja akasimama mbele yetu. Hakutoa salamu.

"Unataka nini kwangu?" alimwuliza mama.

Mama aliyarudia maneno yale yale. Safari hii yalikuwa mazito zaidi kutoka, kwa sababu aliyesimama mbele yake alikuwa na macho ya mumewe.

"Mimi sijui hata alikufa vipi," msichana alisema. "Wengine waliniambia moyo. Wengine waliniambia ajali. Siku ile walinitoa darasani, nikadhani tutafika, nitamwona, nitamgusa, halafu tutarudi. Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hii na mtoto akiniuliza baba yangu alikufa kwa nini, nasema aliugua. Unataka nikusamehe kitu ambacho hata sikijui chote. Niambie kwanza alikufaje."

Mama akamwambia.

Alianza na miguu iliyovimba, na viatu alivyoviacha kuvaa. Akasimulia hospitali, na siku tuliyomrudisha nyumbani kwa sababu yeye mwenyewe aliomba kurudi. Alisema alikuwa hawezi kulala chali, kwamba tulimwekea kiti karibu na dirisha na mito pande zote, na hapo ndipo alipolala na kuamka. Alisema siku za mwisho hakutaka redio, yeye ambaye bila redio hakunywa chai. Mengi ya hayo niliyajua. Nilikuwapo, nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Kigali.

"Siku yenyewe alfajiri aliamuka," mama aliendelea. "Akili yake ilikuwa muzuri. Aliniuliza, 'Mutoto amefika?' Nilimuambia amefika, iko hapa. Nikamuvuta huyu dada yako karibu." Akaninyooshea kidole. "Akamuangalia. Akasema, 'Huyu nimemuona.' Akageuza uso kwa dirisha. Hakusema tena."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeinama mbele yake, nikamsikia akisema, nikadhani ni ugonjwa unaoongea.

"Sikuelewa," mama alisema. "Mchana, wakati waliniambia kuna mutoto kwenye mulango, ndiyo nilielewa. Nilielewa yote, palepale. Nilijua ni we alikuwa anauliza. Na nilisema musimuingize." Alifunga mikono yake. "Hiyo ndiyo niliyokufanyia. Mulango ni kidogo. Hii ndiyo kubwa, na hakuna mutu nilimuambiaka."

Msichana alikaa chini, palepale kwenye udongo uliofagiliwa, madaftari yakamwanguka. Alijifunika uso kwa mtandio. Hakulia kwa sauti. Mama yake alimwekea mkono mgongoni, na mimi nikaanza kuokota madaftari, moja moja, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nilikuwa nalia pia. Kwa muda mrefu nilibeba neno lile la baba kama neno la kuniaga. Sasa nilijua halikuwa langu.

Baadaye msichana aliinuka akaingia ndani. Mama akasema tuondoke. Mwenyeji akakataa, akatutandikia, akatuletea maji ya moto ya kuoga.

Asubuhi tulimkuta msichana uwanjani, ameshavaa, ana begi dogo.

"Kaburi lake liko wapi?" aliniuliza mimi.

"Gisenyi, kwenye makaburi ya Waislamu. Yapo juu, kilimani."

"Nipelekeni."

Akampigia simu mwalimu mkuu wake, akaomba ruhusa. Nilimsikia akisema, "Ni msiba wa baba yangu, mwalimu." Akasikiliza, kisha akasema tena, "Ndiyo. Wa baba yangu."

Kwa hiyo tulirudi watatu. Mama mdogo, kama nilivyoanza kumwita, alibaki na masufuria yake. Alisema kaburini ataenda siku nyingine, leo ni ya mwanawe. Alikipokea kile kitenge kwa mikono miwili. Barabara ile ile niliyoiona ndefu tukienda, sasa sikuiona. Mama alikaa nyuma safari hii, akafumba macho, na sijui kama alilala. Mdogo wangu alikaa kando yangu. Mpaka Kayonza alikuwa akitazama barabara. Halafu akaanza kuuliza.

Aliuliza kama baba alikuwa akiimba akiendesha. Nilimwambia sikumbuki akiimba, nakumbuka akipiga mluzi. Akasema kwao aliimba. Aliuliza kama alinipiga nilipokuwa mdogo. Mara moja, nilimwambia, nilipokwenda kuoga ziwani Rubona peke yangu. Akasema yeye hakuwahi kumpiga, na kila alipokuja alikagua madaftari yake ya shule, ukurasa kwa ukurasa, na kumnunulia kalamu.

Mimi baba hakuwahi kukagua daftari langu hata moja. Niliona wivu, mtu mzima mimi, nimeshika usukani katikati ya migomba ya Rwamagana. Nilimwambia. Alinigeukia, akanitazama, akasema kwa upole, "Lakini wewe ulikuwa naye siku zote zilizobaki."

Tulilala tena Kigali, tukafika Gisenyi siku iliyofuata mchana. Tulikwenda moja kwa moja makaburini, kabla ya nyumbani. Mama alibaki karibu na gari. Alisema miguu imevimba, lakini nadhani alikuwa anampisha. Nilimwonyesha mdogo wangu kaburi. Ni la mawe, halina maandishi, na majani yalikuwa yameota. Aliniuliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Akaniomba nimwache.

Nilimwona kwa mbali akichuchumaa, akang'oa majani, akayaweka pembeni kwa mafungu. Aliinua mikono akaomba dua. Kisha akakaa tu, amekumbatia magoti, ziwa likiwa chini yake. Alikaa sana. Mama alisali adhuhuri juu ya msala kando ya gari, akamaliza, akaendelea kukaa pale pale chini.

Mdogo wangu aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo. Alisimama mbele ya mama, mama akainuka kwa shida.

"Nenda kahiji, mama mkubwa," alisema. "Sitakushtaki mbele ya Mungu. Lakini usiniambie nisahau, na usiniulize kama moyo wangu umetulia. Ukitulia nitakuambia mwenyewe."

"Nimesikia," mama alisema.

Hawakukumbatiana. Tulikwenda nyumbani, tukala. Nilimtolea picha zote za baba, akachagua moja, ambayo baba amesimama juu ya lundo la matairi akiwa kijana, nywele nyingi. Kesho yake nilimpeleka stendi.

Nilirudi kazini kabla wiki haijaisha. Patron aliniuliza kama mama amepata alichokifuata. Nilimwambia amepata ruhusa ya kuondoka, mengine bado. Alifikiri kidogo, akasema hiyo si kidogo. Sijui kama alikwenda Kibuye. Sikumwuliza, naye hakusema.

Mama alihiji, akarudi amekonda, na kikohozi ambacho mpaka sasa hakijamwacha. Alimpa dereva mmoja chupa za zamzam na mitandio miwili avipeleke Rusumo, na mama mdogo akapiga simu kushukuru. Mdogo wangu hunipigia mimi. Tunaongea habari za shule yake na malori yangu, na mara nyingine za baba, ingawa kila mmoja wetu anaongea habari za mtu tofauti kidogo. Mama anapotusikia hutoka nje. Hajamwuliza kitu, kama alivyoagizwa.

Juzi mdogo wangu alipiga simu ya mama mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mama alisimama kuipokea, kama anayeongea na kiongozi. Waliongea muda mfupi, na mama alikuwa akisema "ndiyo" na "nimesikia" tu. Alipomaliza nilimsubiri aseme. Alisema ameambiwa kwamba kwa kikohozi chake achemshe tangawizi na asali, anywe ikiwa ya moto, na aache maji ya baridi hata kama jua ni kali. Akaniuliza kama nyumbani tuna tangawizi. Hatukuwa nayo. Nikachukua kikapu nikaenda sokoni.